Kadi gani ikae sloti gani: mwongozo wa Apple IIe kutoka meza ya fundi, Magomeni

Apple IIe, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 80, ina sloti 7, yaani matundu marefu ya kuchomekea kadi, kwenye sehemu ya nyuma ya mazabodi. Namba 1 iko kushoto, jirani na pawa saplai, na namba 7 iko kulia kabisa. Zote zina pini 50, zote urefu mmoja, na kadi yoyote inaingia kwenye yoyote. Ukizitazama hivi hivi unaona kama ni hiari yako, chomeka panapofikika. Kadi inaingia, mashine inawaka, halafu disketi haisomi au printa haitoi hata herufi moja, na mwenye mashine anatangaza kwamba kadi imekufa. Kadi nyingi "zilizokufa" zinazofika mezani kwangu ni nzima kabisa. Zimekaa pasipo pake.

Kazi inayonilisha ni amplifaya, mikisa za makanisa na vinanda vya bendi. Hizi kompyuta za zamani nazifanya jioni, kwa mapenzi. Hapa kwetu ni chache na sababu inajulikana: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Apple II ya kwanza ikatoka 1977, IIe ikatoka Januari 1983, na kwetu kompyuta ya nyumbani bado ilikuwa kitu cha kusikia. Zinazoonekana Dar leo zilikuja kwenye mizigo ya waliosoma nje, ya wamisionari, ya wataalamu wa miradi, au zimefika juzi tu kwenye kontena la mitumba. Kwa hiyo hazifanani. Nyingine ni za Marekani, nyingine za Ulaya, na tofauti hiyo inagusa hata mahali pa kuchomeka kadi. Nitafika huko.

Kwanza umeme.

Soma lebo. Mashine ya Marekani inataka volti 110 hivi, na ukutani kwetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja huna mashine tena. Nunua transfoma ya kushushia, Kariakoo zimejaa. IIe yenyewe inakula wati 60 hivi, ikipanda sana 80, kwa hiyo transfoma ya wati 200 inaibeba bila kuchemka. Usihangaike na hezi 50 au 60, pawa saplai hii haijali.

Ndani ya pawa saplai nyingi za umri huu kuna kapasita za karatasi za RIFA, zile za manjano unazoona ndani yake. Kwa hali ya hewa yetu hunyonya unyevu, ganda linapasuka nyufa nyembamba, na siku moja zinatoa moshi wa kunuka mpaka jirani agonge hodi. Ukiona nyufa, badilisha kwa kapasita yenye alama ya X2 na thamani ile ile. Kama hujawahi kufungua pawa saplai ya aina hii, mpelekee fundi wa televisheni. Mle ndani kuna umeme unaobaki hata baada ya kuchomoa waya.

Sasa washa mashine bila kadi hata moja. Ndiyo, zitoe zote. Ukiwa umeunganisha waya wa picha kwenye tundu la njano la AV la televisheni, juu ya skrini yataandikwa maneno Apple ][ au Apple //e, na chini itakuja alama ya mabano ] ikikungoja uandike. Andika pembeni ni ipi kati ya hizo mbili umeiona. Ya kwanza ni IIe ya awali. Ya pili ni ile iliyoboreshwa mwaka 1985, na kwenye mambo ya kadi hazina tabia moja. Kisha shika Control pamoja na kitufe cha tofaa jeusi kilicho kulia kwa spesi, bonyeza Reset, achia. Mashine itajipima yenyewe. Ya awali ikimaliza salama inaandika KERNEL OK, iliyoboreshwa inaandika System OK. Kama haifiki hapo ikiwa mtupu, usiiongezee kadi. Tatizo liko kwenye mashine yenyewe.

Kuingiza na kutoa

Kwenye mazabodi, upande wa kushoto karibu na pawa saplai, kuna taa ndogo nyekundu. Ikiwaka, mikono nje. Hakuna "nachomoa haraka tu". Zima kwa swichi, hakikisha taa imezimika, ndipo uguse kadi. Waya wa ukutani uache umechomekwa kwenye soketi yenye ethi nzima, kisha gusa boksi la chuma la pawa saplai ili mwili wako umwage umeme tuli. Kwa unyevu wetu umeme tuli haututesi kama nchi za baridi, lakini ofisi yenye kiyoyozi kuanzia asubuhi ni habari nyingine.

Upande wenye chipu unatazama kulia, yaani mgongo wa kadi unaelekea pawa saplai. Hili lishike kuliko yote, kwa sababu sloti haina kizuizi cha kukukataza. Kadi ikigeuzwa nyuzi 180, mguu wake wa volti 5, ambao ni pini ya 25, unakaa juu ya pini ya 50, na pini ya 50 ina volti 12. Chipu za miaka ile hazivumilii hilo hata kwa dakika moja. Nimeletewa kadi ya printa iliyogeuzwa hivyo na mtu aliyetaka waya utokee upande aliouona unafaa. Nilibadilisha chipu nne, zilizobaki zikaendelea kufa moja moja.

Shika kadi kwa kingo zake za juu, iingize ukianza na upande wa nyuma kidogo, kisha bonyeza mbele huku ukiitikisa polepole. Usisukume kwa kidole gumba kama unapigilia msumari: mazabodi imeshikiliwa kwa nguzo chache na katikati inabonyea. Kutoa ni hivyo hivyo, tikisa mbele na nyuma, kamwe si kushoto na kulia.

Kadi ya disketi ina jambo lake la ziada. Kebo bapa ya diski (kile kifaa kinachosoma disketi) inaingia kwenye pini 20 zilizosimama juu ya kadi, na mara nyingi hakuna ukuta wa kuielekeza. Ikiingia imeruka safu moja, volti 12 inakwenda isipotakiwa na chipu ya 74LS125 ndani ya diski inaungua papo hapo. Washa tochi ya simu, inamisha kichwa, hesabu kwamba hakuna pini iliyobaki nje upande wowote. Ndipo uwashe.

Namba ya sloti inafanya kazi gani

Kijana mmoja wa Tabata, amerithi mashine ya babu yake, alikuja na swali ambalo wengi wanalo ila wanaona aibu kuuliza. "Shikamoo mama. Sasa kama pini ni zile zile, mashine inajuaje hii ni ya tano na hii ni ya sita?"

Nikamwambia, marahaba mwanangu, kaa hapo nikuonyeshe. Mfano wake ni S.L.P. pale posta: visanduku vyote vinafanana, funguo tu na namba ndiyo tofauti, na barua inakwenda kwa namba, haitafuti sura ya mtu. Kila sloti imepewa anwani zake kwenye kumbukumbu ya mashine, na kadi haiji na anwani. Inapokea anwani ya mahali ilipokaa.

Kila sloti ina anwani 16 za kuamrishia kadi. Kanuni ni 49280 jumlisha 16 mara namba ya sloti. Sloti ya 6 kwa hiyo inaanzia 49376. Kwenye kadi ya diski ya Apple, anwani ya tisa kutoka hapo inawasha mota na ya nane inaizima. Toa disketi kwenye diski, washa mashine, diski itaanza kuzunguka ikitafuta cha kusoma, bonyeza Control na Reset inyamaze. Sasa andika:

X = PEEK(49385)

Bonyeza Return. Diski inaguna, taa yake nyekundu inawaka, mota inazunguka. Hukuagiza programu yoyote. Umesoma tu anwani moja na chuma kimetikisika. Andika:

X = PEEK(49384)

Inazunguka kama sekunde moja zaidi, halafu inasimama. Zima, hamisha kadi kwenye sloti ya 5, washa, rudia zile zile. Kimya. Toa 16, andika X = PEEK(49369), na diski inaamka. Kijana wa Tabata alirudia zoezi hili mpaka nikamwambia aachie mota ya watu ipumzike.

Mbali na hizo 16, kila sloti ina baiti 256 za kusomea programu fupi iliyomo kwenye kadi. Zinaanzia 49152 jumlisha 256 mara namba ya sloti. Ukiandika PR#6, kinachotokea ni kwamba mashine inakwenda kuendesha programu iliyoko kwenye baiti 256 za sloti ya 6. Ndiyo maana PR#6 inaamsha diski kama kadi iko 6, na kama sloti ni tupu mashine inaganda. Usitishike, Control na Reset inakutoa.

Hapo utaelewa ugomvi wa kadi na programu. Programu za heshima hutafuta kadi iko wapi. Michezo mingi ya miaka ya 80, hasa ile iliyofungwa isinakiliwe, haitafuti kitu. Imeandikwa moja kwa moja na anwani za sloti ya 6. Weka kadi ya diski kwenye 5, programu nyingine zote zitakubali na mchezo huo utabaki na skrini nyeusi.

Nani akae wapi

Sheria ya kuandikwa haipo, ila kuna desturi ambayo waandishi wa programu waliifuata, na ukipingana nayo unajitafutia kazi.

6 ni ya kadi ya diski za kawaida, basi. Usijadili.

1 ni printa. Kama huna printa iache tupu. 2 ni modemu au kadi ya siriali. Modemu ya nini siku hizi, utauliza, lakini kadi ya siriali ndiyo mlango wako wa kuleta programu kutoka laptopu kwa kutumia programu ya ADTPro, ambayo ni ya bure. Kwenye Super Serial Card kuna kijiti cha kugeuza chenye pembetatu, kinachoelekezwa MODEM au TERMINAL. Kikiwa upande usiofaa, laptopu na IIe zitatazamana bila kusikilizana, na hakuna kuhamisha sloti kutakakokusaidia. Asiye na kadi hii kabisa asikate tamaa: ADTPro inaweza kupitia matundu ya kaseti yaliyo nyuma ya mashine kwa waya wa kawaida wa spika. Ni polepole, ila inafika.

3 ndiyo yenye mtego. Zamani ilikuwa ya kadi ya kuonyesha herufi 80 kwa mstari. IIe ikaja na sloti ya nane, nje ya zile 7 zenye namba, ya pini 60, inayopokea kadi ya herufi 80 pamoja na kumbukumbu ya ziada ya kilobaiti 64, jumla mashine inafika 128. Ukiweka kadi humo, mashine inatumia programu yake ya ndani badala ya ile iliyoko kwenye kadi ya sloti ya 3. Kadi yako ya sloti ya 3 inaweza kuwa nzima na isionekane. Na hapa ndipo umarekani na uulaya unapoingia: kwenye IIe ya Marekani sloti ya pini 60 iko kushoto, pembeni, jirani na pawa saplai. Kwenye ya Ulaya, ya PAL (mfumo wa picha wa televisheni za huko), imepangwa kwenye mstari mmoja na sloti ya 3, kiasi kwamba kadi mbili haziwezi kukaa zote. Kabla hujaagiza kadi yoyote mtandaoni, fungua kifuniko utazame yako iko wapi. Ushauri wangu: jaza ile ya pini 60, sahau 3.

4 inagombewa. Kadi ya mausi huwekwa hapo, kadi ya muziki ya Mockingboard huwekwa hapo, kadi ya Z80 (prosesa ya pili) ya kuendesha mfumo endeshi wa CP/M, kama ile SoftCard ya Microsoft ya mwaka 1980, nayo mara nyingi ilikaa hapo. Chagua kwa kuangalia nani mkaidi. Programu za mausi kwa kawaida huitafuta kadi ilipo, michezo yenye muziki mara nyingi hudhani Mockingboard iko 4. Basi muziki 4, mausi ihamie 5 au 7, na mambo yanakwenda. Ila kama hakuna mtu nyumbani kwako anayetumia mausi, kadi yake ya nini mle ndani?

5 na 7 ni za hifadhi kubwa: diski za inchi 3.5, au hizi kadi za kisasa zinazotumia kadi ya kumbukumbu ya kamera au flashi, kama CFFA3000. Hapa uamuzi wako unabadilisha mashine inavyoamka. IIe ikiwaka inakagua sloti kuanzia 7 kushuka mpaka 1, ya kwanza yenye alama za diski, yaani tarakimu maalumu ndani ya programu ya kadi, ndiyo inayopewa usukani. Hifadhi ikiwa 7, mashine itaamkia hapo kila siku, na ukitaka disketi unabonyeza Control na Reset kisha PR#6. Hifadhi ikiwa 5, disketi ya sloti 6 inatangulia. Mimi napendelea 7, lakini kwenye nyumba yenye watoto wanaochezea disketi weka 5, utapunguza kuitwa kila saa.

Na ile tofauti ya maandishi uliyoiandika pembeni inahusika hapa. IIe ya awali inakagua alama nne kabla ya kukubali kwamba kadi ni ya diski, iliyoboreshwa inakagua tatu tu. Kadi nyingi za hifadhi hazina ile ya nne. Kwenye mashine ya awali haziamki zenyewe hata zikae 7. Unaandika PR#7 kwa mkono. Kadi haina kosa.

7 ina upekee mwingine: ndiyo sloti pekee inayopelekewa mawimbi ya rangi na ya kulinganisha picha. Kama mashine yako ilikuja na kadi ya rangi, nafasi yake ni 7, na hifadhi isogee.

Mwenye Apple II Plus au kopi zake atakuta sloti ya 0 pia. Hiyo ni ya kadi ya kumbukumbu ya kilobaiti 16, usiweke kingine.

Kukagua bila kufungua

Andika programu hii, inatosha kukuambia nani yupo wapi:

10 FOR S = 1 TO 7
20 A = 49152 + 256 * S
30 PRINT S;" ";PEEK(A+1);" ";PEEK(A+3);" ";PEEK(A+5);" ";PEEK(A+7)
40 NEXT S

RUN. Kadi ya disketi itakupa 32, 0, 3, 60. Hizo ndizo alama nne nilizosema. Kadi ya hifadhi ya aina ya SmartPort inatoa 32, 0, 3, na mwisho 0. Ukiona tarakimu mbili za mwisho ni 56 na 24, kuna kadi ya siriali au ya aina yake, na sloti ya 3 mara nyingi itakupa hizo hizo hata ikiwa tupu, kwa sababu unasoma programu ya ndani ya mashine. Sloti tupu hutoa tarakimu za ovyo. Endesha mara ya pili. Zikibadilika badilika, hakuna mtu humo, au kadi ipo lakini miguu haigusi. Mockingboard haina programu ndani yake, kwa hiyo nayo itaonekana kama tupu. Usiilaumu.

Kadi mbili zikifanya kazi kila moja peke yake na zikigombana zikiwa pamoja, shuku kitu hiki: kuna eneo la kilobaiti 2 ambalo sloti zote zinatumia kwa zamu, na kila kadi inatakiwa kuliachia mwenzake anapolihitaji. Kadi nyingine za watengenezaji wadogo haziachii vizuri. Kuhamisha sloti hakutibu ugonjwa huo, unachagua mmoja abaki. Kadi mbili zinazotumia DMA (kuifikia kumbukumbu moja kwa moja bila kupitia prosesa) zina sharti lao, zikae sloti zinazofuatana bila pengo katikati, maana ishara ya kupeana zamu inapita kutoka kadi hadi kadi. Kwa wengi wetu hilo halitatokea.

Joto, chumvi na wadudu

Sasa tuje kwenye kinachoua kadi hapa Dar, maana anwani ukikosea utarekebisha.

Pawa saplai ya IIe inatoa ampia 2.5 kwenye volti 5, ukisikia unaona ni nyingi. Nyingi inakwenda kwenye mazabodi. Apple wenyewe walitenga miliampia 500 kwa kadi zote kwa pamoja. Kadi ya kumbukumbu ya zamani iliyojaa chipu pamoja na Z80 na kadi ya siriali, umeshapita. Mashine haitazimika siku hiyo. Itaanza kuganda alasiri, ukumbini kukiwa na joto, na asubuhi inafanya kazi vizuri kabisa. Kadi za kisasa zinakula kidogo, kwa hiyo ukiweza, badilisha kadi kubwa ya zamani kwa mpya ndogo, na ile ya zamani itunze. Mimi siweki zaidi ya nne. Diski 6, siriali 2, hifadhi 7, na ile ya pini 60. Zikikaa hivyo kila moja ina nafasi tupu jirani yake na hewa inapita.

Ukiwasha na kusikia pawa saplai inafanya tik, tik, tik bila picha, zima. Kuna kitu kimegusana, mara nyingi kapasita ya tantalamu kwenye mojawapo ya kadi. Toa zote, rudisha moja moja, mlio ukirudi umeipata.

Feni si anasa. Chukua feni ya kompyuta ya volti 12, ilishe kwa adapta ya volti 9 ya kifaa chochote kilichokufa, itazunguka taratibu bila kelele. Iweke nyuma ivute hewa nje. Isipewe umeme kutoka kwenye mashine, umeshaona hesabu ilivyo.

Umeme ukikatika, zima swichi ya mashine hapo hapo, usingoje urudi. Ukirudi, subiri dakika kadhaa utulie ndipo uwashe. Kile kifaa cha kulinda friji, chenye kuchelewesha umeme, kinafaa kabisa kuwekwa kabla ya transfoma.

Anayekaa Kigamboni, Msasani au popote upepo wa bahari unapofika, miguu ya kadi itaota utando. Safisha kwa aisopropili kutoka maduka ya vifaa vya maabara na kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi, ukifuta kuelekea chini, kamwe si kwa upana. Wengi wanatumia kifutio cha penseli. Kinang'arisha, ndiyo, kwa kula dhahabu, na dhahabu ikiisha kutu ya kijani inakuja kwa kasi. Dawa ya kupulizia nati zilizoshika kutu usiikaribishe. Inaacha mafuta, mafuta yanakamata vumbi, na masika ikifika una tope ndani ya sloti. Sloti yenyewe isafishe kwa kuingiza na kutoa kadi iliyosafishwa yenye unyevu kidogo wa aisopropili, kisha iache ikauke.

Sloti tupu na matundu ya nyuma yasiyo na vifuniko ni nyumba ya mende na sisimizi. Ziba matundu yale kwa plastiki au gundi ya karatasi, ila usizibe njia za hewa za kifuniko. Kadi zisizotumika zikae kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya chembe unavyovikuta kwenye maboksi ya viatu. Viweke juani au karibu na jiko mara moja moja vikauke, vitakunyonyea unyevu tena.

Ndani ya kifuniko bandika karatasi: tarehe, namba ya sloti, kadi iliyopo, na mkao wa swichi zake ndogo. Piga na picha. Fundi atakayefungua baada yako, au wewe mwenyewe mwakani, hatabahatisha.

Ukitaka kuileta kwangu au kwa fundi mwingine, toa kadi zote kwanza, zifunge kila moja peke yake, na usilaze kitu juu ya pawa saplai. Bodaboda na barabara zetu za mitaani zinachomoa kadi, na hata chipu zilizo kwenye soketi hupanda juu kidogo kidogo. Ikifika, bonyeza chipu zote za soketi kwa kidole kabla ya kurudisha kadi yoyote, kisha anza upya na ile ya sloti ya 6.